Vidonge vya kila siku au seli za mchangiaji? Njia nne za kuzuia figo mpya isikataliwe

Swali ambalo familia nyingi humuuliza daktari wa figo, mara nyingine hata kabla ya kuuliza gharama, ni hili: akishapandikizwa, dawa hizo atameza mpaka lini? Jibu lililozoeleka ni maisha yote, au kwa usahihi zaidi, muda wote ambao figo hiyo itakuwa inafanya kazi. Lakini kwa miaka ishirini hivi limekuwepo jibu la pili, kutoka hospitali chache za Marekani na Ulaya: kinga ya mgonjwa inaweza kufundishwa kwa seli hai ili iizoee figo ya mtu mwingine, kisha dawa zikapunguzwa au zikaachwa kabisa. Habari hii ikifika kwetu kupitia WhatsApp huwa imeshavimba. Ndiyo maana nimeziweka njia nne sambamba, ili anayejiandaa kupandikizwa, au anayejiandaa kumtolea ndugu yake figo, ajue ipi inamhusu.

Msimamo wangu niutoe mapema. Anayepandikizwa leo Dar es Salaam, Dodoma, Nairobi au Eldoret, chaguo lake ni vidonge, na sababu si uhaba wa fedha peke yake. Wapo wachache ambao njia ya seli inawafaa kweli, na kinachowatofautisha na wengine ni nani anayewapa figo.

Hesabu ya ndugu

Seli za mwili zimebeba juu yake protini ziitwazo HLA, ambazo ni kama kitambulisho cha uraia: seli nyeupe aina ya T hukikagua, na zikikuta cha mgeni huanza mashambulizi. Upandikizaji wa figo wa kwanza kufanikiwa, uliofanywa na Joseph Murray na wenzake mjini Boston tarehe 23 Desemba 1954, ulikuwa wa mapacha wa kufanana. Vitambulisho vyao vilikuwa vilevile, kwa hiyo figo haikushambuliwa ingawa dawa za kushusha kinga zilikuwa bado hazijapatikana.

HLA hurithiwa nusu kwa baba na nusu kwa mama. Kwa hiyo mzazi na mtoto kwa kawaida wanafanana nusu. Ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja wana uwezekano wa asilimia 25 wa kufanana kabisa, asilimia 50 wa kufanana nusu, na asilimia 25 wa kutofanana hata kidogo. Ndugu wa baba mmoja na mama tofauti hatarajiwi kufanana nawe kabisa, hata mkiwa mmelelewa nyumba moja na sura zenu zikavutana. Hesabu hii ishike vizuri, kwa sababu njia yenye matokeo makubwa kuliko zote inaitegemea.

Njia ya kwanza: vidonge

Mchanganyiko wa kawaida ni dawa tatu: takrolimasi, mikofenoleti na prednisoloni. Siku za upasuaji huongezwa dawa ya dripu, kama basiliksimabu, ili kinga ipoe kabla figo haijaanza kuzoeleka. Takrolimasi ndiyo nguzo. Imekuwa ikitumika tangu miaka ya 1990 na polepole ikachukua nafasi ya siklosporini.

Sifa yake kubwa ni kwamba haijali sana HLA. Kaka, mke, shangazi, au maiti aliyeridhia kutoa viungo katika nchi zenye utaratibu huo, wote wanafaa ilimradi vipimo vya damu vimekubali. Figo kutoka kwa mtu aliye hai mara nyingi hudumu miaka 15 hadi 20 kwa dawa hizi, na wapo wanaovuka hapo. Matokeo hayo yanatokana na maelfu kwa maelfu ya wagonjwa, wakati njia zote nitakazozitaja baadaye zimejaribiwa kwa makumi ya watu.

Gharama yake kwa mwili inajulikana. Takrolimasi yenyewe huweza kuidhuru figo inayoilinda, na huweza kuleta kisukari na mikono kutetemeka. Prednisoloni hunenepesha uso na kudhoofisha mifupa. Kinga ikishuka, virusi vilivyokuwa vimelala huamka: sitomegalo, BK, na huku kwetu ile herpesi namba 8 inayosababisha saratani ya Kaposi. Mgonjwa wa figo anayeona madoa meusi au ya zambarau kwenye ngozi asisubiri kliniki ya mwezi ujao. Mara nyingi kubadilishiwa dawa, kutoka takrolimasi kwenda sirolimasi, huyarudisha nyuma.

Nikae hapa kidogo zaidi, kwa sababu figo nyingi zinazopotea zingeweza kuokolewa kwa mambo madogo ya vidonge hivi, bila maabara yoyote ya seli.

Jambo la kwanza ni dozi. Kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP3A5, kinachovunjavunja takrolimasi, hufanya kazi kwa nguvu kwa Waafrika wengi na kimelala kwa Wazungu wengi. Ndiyo sababu wengi wetu huhitaji dozi ya kuanzia iliyo mara 1.5 hadi 2 ya ile ya kawaida ili damu ifikie kiwango kilekile. Mgonjwa akiona vidonge vyake ni vingi kuliko vya rafiki yake aliyepandikizwa India siku hiyohiyo, asidhani amekosewa, na asipunguze kwa hiari yake mwenyewe. Damu ya kupima kiwango hutolewa asubuhi kabla ya kumeza dozi. Ukimeza kwanza ukaenda kupima, umepoteza pesa ya kipimo.

La pili ni kifua kikuu. Rifampisini, dawa mama ya TB, hushusha takrolimasi kwenye damu kwa kasi ya kutisha. Mtu anaweza kuanzishiwa dawa za TB kwenye zahanati na mhudumu mwema asiyejua habari za figo, na wiki chache baadaye figo imeanza kukataliwa. Upande wa pili zipo dawa zinazoipandisha: flukonazoli ya fangasi, erithromisini, na dawa za VVU zenye ritonaviri. Tunda la balungi nalo lina tabia hiyo. Dawa za miti shamba sizikejeli, lakini aliyepandikizwa figo akinywa asichokijua anaweka figo ya ndugu yake rehani.

Jambo jingine ni mfungo. Takrolimasi ya kawaida humezwa kila baada ya saa 12, na kutoka alfajiri hadi magharibi pwani yetu ni saa 13 hivi. Ipo takrolimasi ya kumeza mara moja kwa siku, na daktari anaweza kukuhamishia huko wiki kadhaa kabla ya Ramadhani huku akifuatilia damu. Lakini kufunga kwenyewe ni jambo la kuzungumza naye kwanza, hasa ndani ya mwaka wa kwanza.

Kwa wanawake: mikofenoleti huharibu mimba na kulemaza mtoto tumboni. Anayetaka kuzaa hubadilishiwa azathioprini mapema, kabla ya kushika ujauzito.

Njia ya pili: figo na uloto kutoka kwa mtu mmoja

Hii ndiyo njia ambayo kweli imewaachisha watu vidonge. Wazo lake lina umri: mwaka 1953 Peter Medawar na wenzake walionyesha kwamba panya aliyeingiziwa seli za panya mwingine akiwa bado tumboni hukua akiikubali ngozi ya yule mwenzake. Medawar akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1960. Kwa binadamu mzima, njia ni kumpa mgonjwa figo pamoja na seli za uloto (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) za mchangiaji yuleyule, ili kinga mbili ziishi ndani ya mwili mmoja na kuzoeana.

Boston, katika Hospitali Kuu ya Massachusetts, kundi la akina Kawai, Cosimi na Sachs lilitangaza mwaka 2008 habari za wagonjwa watano waliopewa figo na uloto siku moja kutoka kwa ndugu waliofanana nao nusu. Wanne waliacha dawa. Mmoja alipoteza figo kwa kingamwili na ikabidi apandikizwe nyingine. Kundi lilipoongezeka, baadhi ya walioacha dawa walilazimika kuzirudia miaka ya baadaye. Maandalizi yake si ya mchezo: saiklofosfamidi, dawa ya kufuta seli T, na mionzi kifuani kwenye tezi ya thaimasi.

Chuo Kikuu cha Stanford, California, walichukua njia nyingine. Figo hutangulia, halafu mgonjwa hupewa dawa ya kupunguza seli T na mionzi ya dozi ndogondogo kwenye tezi za limfu na wengu, na mnamo siku ya 11 huingiziwa seli za mchangiaji kwa dripu. Utaratibu wa namna hii ndio uliopelekwa kwenye jaribio kubwa la awamu ya tatu kwa jina la MDR-101, kwa ndugu wanaofanana HLA kabisa. Kati ya wagonjwa 20 waliopangiwa seli, 19 waliacha dawa zote mnamo mwaka mmoja, na 15 wakakaa zaidi ya miaka miwili bila kidonge cha kushusha kinga. Sijui dawa ya kawaida inayoweza kutoa matokeo ya namna hiyo.

Ila rudi kwenye hesabu ya ndugu. Matokeo haya ni ya wenye ndugu wa asilimia ile 25. Njia inapojaribiwa kwa wasiofanana, mambo hubadilika. Kampuni ya Talaris ilikuwa na seli za aina hii, FCR001, zilizoonekana kuwasaidia hata wasiofanana na waliowachangia, lakini seli za mchangiaji zikishika sana zinaweza kugeuka na kumshambulia mgonjwa mwenyewe: ngozi, utumbo, ini. Mwaka 2022 mgonjwa mmoja katika jaribio lake alifariki akiwa na ugonjwa huo, na mwanzoni mwa 2023 jaribio likasimamishwa. Figo ikishindwa, kuna kusafisha damu. Seli zikishakushambulia, huwezi kuziondoa na kurudi ulipokuwa. Kwangu hiyo ndiyo tofauti nzito kuliko zote.

Kuna kisa cha pekee cha watoto watatu wa Stanford, kilichochapishwa mwaka 2022, wenye ugonjwa adimu wa kurithi unaoua figo na kinga kwa pamoja. Walipewa kwanza seli za uloto za mzazi zilizochujwa kwa uangalifu, na miezi 5 hadi 10 baadaye figo ya mzazi yuleyule. Figo zikakubalika bila dawa. Lakini wale watoto walihitaji uloto hata kama figo zao zingekuwa nzima. Kwao hatari ya uloto haikuwa nyongeza.

Njia ya tatu: seli T za udhibiti

Miongoni mwa seli T kuna kundi dogo ambalo kazi yake ni kutuliza wenzao. Shimon Sakaguchi alilitambua mwaka 1995, na mwaka 2025 yeye, Mary Brunkow na Fred Ramsdell wakapata Tuzo ya Nobel kwa utafiti huo. Tiba yenyewe: damu ya mgonjwa huchukuliwa kabla ya upasuaji, seli hizo hutenganishwa na kuzalishwa maabara kwa wiki kadhaa, kisha hurudishwa mwilini kwa dripu. Kwa kuwa ni seli zake mwenyewe, hakuna hofu ya seli za mgeni kumshambulia, na mionzi haihitajiki.

Jaribio linalotajwa sana ni ONE Study, lililoratibiwa kutoka Regensburg, Ujerumani, na kuchapishwa mwaka 2020. Lilipima bidhaa kadhaa za seli tulizi, si hizi za T pekee. Wagonjwa 38 walipewa seli na 66 wakatibiwa kwa dawa za kawaida. Figo kukataliwa ilikuwa karibu sawa: asilimia 16 kwa waliopewa seli, 12 kwa wengine. Faida ilionekana kwingine: 15 kati ya wale 38 waliweza kuachishwa mikofenoleti na kubaki na takrolimasi pekee, na maambukizi ya virusi yakawa machache.

Soma tena sentensi hiyo kabla hujauza shamba. Kilichopatikana ni kupunguza dawa. Hakuna aliyeacha zote. Hatua iliyofuata ni kuzirekebisha seli hizi kijenetiki ili ziitambue HLA ya mchangiaji moja kwa moja. Mgonjwa wa kwanza wa figo kupewa seli za namna hiyo aliingiziwa mwaka 2022, na bado ni uwanja wa watafiti.

Njia ya nne: seli za mchangiaji zilizodhoofishwa

Hii nimeipenda kwa wepesi wake. Heidelberg, Ujerumani, wanachukua seli nyeupe za damu za mchangiaji, wanazitibu na mitomaisini ili zisiweze tena kuzaana, kisha wanamwingizia mgonjwa siku chache kabla ya upasuaji. Kinga inakutana na mgeni akiwa hoi, na inamzoea. Katika jaribio la kwanza, lililochapishwa mwaka 2020, walikuwemo wagonjwa 10 tu. Wanne waliopewa dozi kubwa siku 7 kabla ya figo ndio walioonyesha dalili nzuri zaidi, na dawa zao zikapunguzwa hadi kiwango kidogo. Hakuna mionzi, wala uloto mpya. Watu wanne hawatoshi kumfanya mtu aamue, lakini kama kuna njia ya seli ambayo siku moja ingeweza kufanyika katika hospitali zetu, naiona hii kabla ya zile nyingine.

Ukiziweka pamoja

Kwa kuacha dawa kabisa, njia ya uloto haina mpinzani. Ya seli T na ya Heidelberg hupunguza mzigo, hazijauondoa.

Kwa usalama wa mwanzo, mpangilio unageuka. Vidonge, seli T na seli zilizodhoofishwa vinakaa upande mmoja. Uloto unakaa peke yake upande wa pili, pamoja na mionzi, hatari ya maambukizi, uwezekano wa kupoteza uzazi pale saiklofosfamidi inapotumika, na ile ya seli kumgeukia mwenyeji. Kijana wa miaka 25 mwenye ndugu anayefanana naye HLA kabisa na miaka 40 ya vidonge mbele yake anaweza kuona inafaa. Mzee wa miaka 62 mwenye moyo uliochoka, sioni.

Mchangiaji naye asisahaulike. Kwa vidonge hutoa figo, basi. Kwa uloto hutoa mara mbili: figo, na mara nyingi kwa siku nyingine seli, baada ya kuchomwa kwa siku kadhaa sindano za kuzisukuma seli za uloto ziingie kwenye damu, zinazoumiza mifupa kama homa kali. Dada aliyekubali moja hajakubali la pili mpaka aulizwe.

Kuna jambo linalotupa nafasi nzuri. Njia hizi zote tatu za seli zinahitaji upasuaji uliopangwa tarehe, kwa hiyo mchangiaji aliye hai. Muhimbili tangu 2017, Benjamin Mkapa tangu 2018, na hospitali za Kenya kabla yao, figo zinatoka kwa ndugu walio hai. Hata uloto si mgeni tena: Benjamin Mkapa, Dodoma, huwapandikiza watoto wenye selimundu. Lakini kumpandikiza uloto mtoto wa selimundu ni kazi moja. Kuuunganisha na figo ya mtu mzima, mionzi, vipimo vya kufuatilia asilimia ya seli za mchangiaji kwenye damu, na miaka ya kumchunga anapopunguziwa dawa, ni kazi nyingine.

Nani achague nini

Mchangiaji wako akiwa mke, mume, mzazi, binamu, au ndugu asiyefanana nawe kabisa, baki na vidonge, na nguvu zako zipeleke kwenye kiwango cha takrolimasi. Ukiwa na ndugu wa baba na mama mmoja anayefanana nawe kabisa, na unaishi au una njia halali ya kutibiwa Marekani au Ulaya, kama walivyo wengi wa ndugu zetu walioko huko, muulize daktari wa figo kabla ya upasuaji kama kuna jaribio linalopokea watu. Baada ya upasuaji mlango huo mara nyingi umefungwa. Seli T au seli za Heidelberg zikitajwa na hospitali inayofanya jaribio, kubali kama unakubali vipimo vya mara kwa mara na bado utameza dawa.

Tangazo la kliniki ya ng'ambo inayouza sindano ya "seli shina" za kufufua figo au kuachisha dawa, kwa dola, bila kuuliza HLA ya mtu yeyote, lipite. Wanaotangaza hivyo hupenda kutaja tafiti halisi, kama ule wa China wa mwaka 2012 uliohusisha wagonjwa wa figo 159, baadhi yao wakipewa seli shina za uloto. Lakini hata utafiti huo ulizitumia siku za upasuaji, pamoja na vidonge. Jaribio la kweli limesajiliwa hadharani, lina kamati ya maadili, na linakupa karatasi ya ridhaa inayosema wazi unaweza kujitoa.

Na wewe uliyekwishapandikizwa, miaka mitano au kumi iliyopita, unayejisikia mzima: usijaribu kupunguza kidonge ili uone. Kwenye ini wapo wanaoacha dawa na kubaki salama. Kwenye figo ni wachache mno, na kreatinini (taka ya damu inayopimwa kuona kama figo inafanya kazi) inapopanda, uharibifu umeshaanza. Kama madhara yanakuchosha, mwombe daktari akupimie kiwango, aangalie kama prednisoloni inaweza kushushwa, au kama sirolimasi inakufaa. Dozi ikishabadilishwa, rudi upimwe damu kwa tarehe uliyopewa, hata kama hujisikii vibaya.